Paa Lililochelewa: Kisa cha Mark Richt katika Chuo Kikuu cha Georgia

Jumapili ya tarehe 29 Novemba 2015, siku moja tu baada ya timu yake kuifunga Georgia Tech 13–7 jijini Atlanta, Mark Richt aliondolewa katika nafasi ya kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Georgia. Alikuwa ameinoa timu hiyo kwa misimu 15, ameshinda michezo 145 na kupoteza 51, na msimu aliokuwa akiumaliza ulikuwa na ushindi mara tisa na vipigo vitatu. Miezi kumi kabla ya siku hiyo, chuo hichohicho kilikuwa kimemwongezea mkataba hadi 2019 na kumpandishia mshahara hadi takriban dola milioni 4 kwa mwaka. Mtu aliyeonekana Januari kuwa anastahili kuaminiwa kwa miaka mingine mitano alionekana Novemba kuwa hafai kubaki hata kwa mchezo mmoja zaidi wa ligi.

Kisa hiki kimeelezwa mara nyingi kama kisa cha kocha mwema aliyekosa makali ya kutwaa ubingwa wa taifa. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini yanaacha kando jambo ambalo kwangu ndilo kiini chake. Kocha wa chuo huhukumiwa kwa matokeo, na matokeo hutegemea kwa kiasi kikubwa kile ambacho chuo kimeweka mezani. Ila siku ya hukumu, kipimo kinachotumika mara nyingi si rasilimali alizokuwa nazo miaka yote, bali zile ambazo chuo kina uwezo wa kuzitoa, au kimeanza tu kuzitoa. Richt alifanya kazi kwa miaka mingi chini ya mkono uliobana, na kibarua chake kiliota nyasi wakati hasa mkono huo ulipoanza kufunguka.

Kwa msomaji aliyezoea michezo ya vyuo vikuu vyetu, yafaa kwanza kueleza ukubwa wa shughuli yenyewe. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala jaji, bali kocha wa futiboli au mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha umma. Viwanja vikubwa zaidi vya vyuo hujaza watu kuliko viwanja vya timu za kulipwa, na haki za televisheni huuzwa kwa mabilioni. Hata hivyo, katika kipindi cha Richt huko Georgia, wachezaji wenyewe hawakuruhusiwa kulipwa mshahara. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliruhusu udhamini wa masomo kwa wachezaji 85 kwa kila timu, na benchi la ufundi la kocha mkuu mmoja na wasaidizi tisa. Fedha zilipozuiwa kwenda kwa mchezaji, zilitafuta njia nyingine kama maji yanavyotafuta bonde: zikaenda kwenye mishahara ya makocha, kwenye majengo, kwenye ndege za kuzungukia shule za sekondari kutafuta vijana, kwenye lishe na tiba, na kwenye jeshi la wafanyakazi waliopewa vyeo vya uchambuzi ili wasihesabiwe katika idadi ya makocha. Mashindano kati ya vyuo yakawa, kwa sehemu kubwa, mashindano ya nani anajenga zaidi na nani anaajiri zaidi.

Georgia haikuwa chuo maskini, na ni lazima hili lisemwe waziwazi kabla ya kumtetea kocha yeyote. Uwanja wake wa Sanford, katika mji wa Athens, ulikuwa na nafasi ya watazamaji 92,746 na ulijaa. Jimbo lenyewe ni miongoni mwa yale yanayozalisha vijana wengi wenye vipaji vya mchezo huu nchini Marekani, na hapakuwa na chuo kingine cha SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani ambamo Georgia hucheza, ndani ya mipaka yake. Idara ya michezo iliingiza fedha nyingi kuliko ilizotumia. Kocha anayeanza kazi mahali pa namna hiyo hana haki ya kulia njaa, na Richt, kwa kumbukumbu zangu zote za mahojiano yake, hakuwahi kulia.

Alifika Desemba 2000 akiwa na umri wa miaka 40, akitokea Florida State alikokuwa akiongoza safu ya ushambuliaji chini ya Bobby Bowden. Matunda yalikuja haraka. Mwaka 2002 timu ilishinda michezo 13 na kupoteza mmoja, ikatwaa ubingwa wa SEC ambao Georgia haikuwa imeuona tangu 1982, kisha ikaifunga Florida State, timu ya mwalimu wake, katika Sugar Bowl, mchezo wa heshima wa baada ya msimu. Mwaka 2005 ubingwa wa SEC ulirudi tena kwa kuifunga LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, 34–14. Mwaka 2007 timu ilimaliza ya pili katika orodha ya taifa, na 2008 ilianza msimu ikiwa namba moja. Katika miaka hiyo ya mwanzo, pengo la rasilimali kati ya Georgia na majirani zake lilikuwa dogo, na kocha mwenye jicho la kuchagua wachezaji aliweza kulifunika kwa kazi yake mwenyewe.

Kilichobadilika hakikutokea Athens, kilitokea Tuscaloosa, mji wa Chuo Kikuu cha Alabama. Januari 2007 Alabama ilimwajiri Nick Saban kwa mkataba wa miaka minane wenye thamani ya takriban dola milioni 32, kiasi ambacho wakati huo kiliwashangaza hata watu wa ndani ya mchezo. Lakini mshahara wa Saban ulikuwa sehemu ndogo tu ya habari. Alichokidai, na alichopewa, ni mamlaka ya kujenga mtambo mzima: wachambuzi wa mikanda ya michezo, watu wa usajili wasiofanya jambo jingine mwaka mzima, wataalamu wa viungo, wapishi, na majengo yaliyokuwa yakiboreshwa kabla ya rangi ya zamani kupauka. Vyuo vingine vya SEC viliona matokeo, vikaanza kumfuata. Georgia haikukaa bila kujenga. Jengo la Butts-Mehre, makao ya idara ya michezo, lilipanuliwa kwa mamilioni ya dola katika kipindi hicho. Ila mwendo wake ulikuwa wa mtu anayehesabu sarafu kabla ya kutoka nyumbani, na katika mashindano ya namna hii anayetembea huku wengine wakikimbia hurudi nyuma hata kama hajasimama.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naliona kuwa la maana kuliko yote katika kisa hiki. Mwaka 2011 ilifahamika kwamba Richt alikuwa akiwalipa baadhi ya wasaidizi na wafanyakazi wake kwa fedha za mfukoni mwake. Mmoja alikuwa amepunguziwa mshahara, kocha akaziba pengo. Mwingine alikuwa amenyimwa nyongeza, kocha akaitoa yeye. Wakati wa mdororo wa uchumi, chuo kiliposema hakiwezi kutoa marupurupu ya mwisho wa msimu, wafanyakazi wa ngazi ya chini, wale ambao majina yao hayasomwi kamwe na mtangazaji uwanjani, walipokea bahasha kutoka kwa bosi wao. Kwa jumla yalikuwa makumi ya maelfu ya dola yaliyotolewa kwa nyakati mbalimbali. Na kwa kuwa kanuni za NCAA zilikataza mishahara ya watumishi wa timu kuongezwa na mtu wa nje ya mfumo wa malipo ya chuo, ukarimu huo ulihesabiwa kuwa ukiukaji wa kanuni, ingawa ulikuwa wa daraja dogo, na chuo kililazimika kuuripoti.

Watu wengi waliupokea mkasa huo kama ushahidi wa moyo mwema wa Richt, na bila shaka ulikuwa hivyo. Mimi nausoma pia kama hati ya hesabu. Kocha mkuu wa chuo chenye uwanja wa watu zaidi ya 92,000 alipaswa kuamua, pamoja na mbinu za kumkabili Florida, kama mtu wake wa usajili angemudu kodi ya nyumba. Msaidizi ambaye thamani yake haitambuliwi na chuo huondoka pale chuo kingine kinapopiga simu, na akiondoka huondoka na urafiki alioujenga na vijana na wazazi wao katika kaunti nzima. Hasara ya namna hiyo haionekani katika matokeo ya Jumamosi moja. Huonekana miaka mitatu baadaye, pale nafasi ya beki iliyopaswa kuwa na wachezaji wanne wazuri inapokuwa na wawili.

Yaliyofuata 2012 yanaonyesha jinsi umbali kati ya kocha anayeabudiwa na kocha anayetiliwa shaka unavyoweza kupimwa kwa yadi. Tarehe 1 Desemba, katika fainali ya SEC ndani ya Georgia Dome, Georgia iliongoza Alabama 21–10 katika robo ya tatu. Alabama ikabadilisha mchezo. Ikapunguza kurusha na kuanza kukimbiza mpira moja kwa moja katikati ya ukuta wa ulinzi, mkimbiaji mmoja akichoka anaingia mwingine mwenye nguvu zilezile, mpaka jioni hiyo ikafikisha yadi 350 za kukimbia. Zikiwa zimesalia dakika tatu na ushee, Alabama iliongoza 32–28. Georgia ikapanda uwanja katika dakika za lala salama bila nafasi yoyote ya kusimamisha saa, ikafika yadi ya nane kutoka mstari wa bao. Kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) Aaron Murray akarusha mara ya mwisho, mpira ukaguswa na mkono wa mlinzi C.J. Mosley, ukapinda, na Chris Conley, ambaye hakuwa amekusudiwa kupokea chochote, akaudaka kwa silika kwenye yadi ya tano na kuanguka ndani ya uwanja. Saa ikaisha. Alabama ilikwenda kuifunga Notre Dame 42–14 na kutwaa ubingwa wa taifa.

Wapo wanaosema mchezo ule ulikuwa bahati tu, na mpira uliopinda ni bahati kweli. Lakini zile yadi 350 hazikuwa bahati. Timu yenye wachezaji wa akiba wanaolingana na wa kwanza huvunja timu isiyokuwa nao katika robo ya mwisho, na kina hicho cha kikosi ndicho kinachonunuliwa kwa bajeti ya usajili, kwa watu wanaokaa ofisini usiku wakitazama mikanda ya vijana wa miaka 16, na kwa majengo yanayomfanya kijana huyo aseme ndiyo siku ya kutembelea chuo.

Jengo lililozungumzwa kuliko yote katika miaka ya mwisho ya Richt lilikuwa uwanja wa ndani wa mazoezi. Kusini mwa Marekani, radi na mvua ya ghafla ya alasiri ni jambo la kawaida mwezi Agosti na Septemba, na kanuni za usalama haziruhusu wachezaji kubaki kwenye nyasi radi inapokaribia. Chuo chenye paa kubwa kinahamisha mazoezi kwa dakika tano, na ratiba inaendelea. Georgia ilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwisho kabisa katika SEC kutokuwa na uwanja wa ndani wa ukubwa kamili. Siku za hali mbaya ya hewa timu ilibanana katika ukumbi mdogo, au ikasubiri, na iliwahi kupandishwa mabasi kwenda Flowery Branch, kwenye kambi ya timu ya kulipwa ya Atlanta Falcons, safari ya takriban saa moja kila upande, ili ipate mahali pa kufanyia mazoezi. Saa mbili za mabasi kwa kijana anayetakiwa pia kuhudhuria darasa na kupata tiba si jambo dogo. Na kwa mzazi aliyekuja na mwanawe kutazama chuo, kukosekana kwa paa hilo kulisomeka kwa namna moja tu: huku hawako tayari kutumia fedha. Jeremy Pruitt, aliyekuja 2014 kuongoza ulinzi baada ya kutwaa ubingwa wa taifa akiwa Florida State, na ambaye kabla ya hapo alikuwa Alabama, alilisema jambo hilo hadharani bila kupaka asali. Mtu aliyewahi kufanya kazi ndani ya mtambo hutambua mara moja kipuli kinachokosekana.

Kisha fedha zikaja. SEC Network, televisheni ya ligi, ilizinduliwa Agosti 2014, na katika mwaka wa fedha uliofuata kila chuo mwanachama kilipata wastani wa takriban dola milioni 31 kutoka kwenye mfuko wa ligi, ilhali mwaka mmoja kabla kiasi hicho kilikuwa takriban milioni 21. Georgia ikafungua mkoba. Mshahara wa Richt ukapanda, mishahara ya wasaidizi ikapanda, na mpango wa uwanja wa ndani wenye gharama ya zaidi ya dola milioni 30 ukaidhinishwa. Kwa jicho la nje ungedhani kocha ameshinda hoja yake ya miaka mingi. Kwa hakika masharti ya kazi yake yalikuwa yamebadilika bila yeye kupewa muda wa kuyatimiza. Wafadhili wanaochangia jengo la milioni 30 hawachangii ili timu ibaki pale ilipokuwa. Kila dola iliyotolewa ilikuja na tarehe ya kudai faida, na tarehe hiyo ilianza kuhesabiwa siku ya ahadi, si siku ya ufunguzi.

Msimu wa 2015 haukuwa na huruma. Mike Bobo, kocha wa ushambuliaji wa muda mrefu, alikuwa ameondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Colorado State. Tarehe 3 Oktoba Alabama ilikuja Athens kwenye mvua na kushinda 38–10. Wiki iliyofuata, huko Tennessee, Nick Chubb, mkimbiaji bora wa timu, aliumia goti mara ya kwanza kabisa Georgia iliposhika mpira, na timu ikapoteza 38–31 baada ya kuongoza kwa pointi 21. Mwishoni mwa mwezi, dhidi ya Florida, kocha alimpanga kwotabeki ambaye hakuwa amewahi kuanza mchezo. Mipira aliyoirusha ilinaswa na wapinzani mara nne na Georgia ikafungwa 27–3. Uamuzi huo ulikuwa wa Richt mwenyewe na hakuna bajeti inayoweza kuubeba badala yake. Wala hakuna bajeti inayoeleza kikamilifu rekodi yake ya ushindi mara tano na vipigo kumi dhidi ya Florida katika miaka 15. Mkurugenzi wa michezo, Greg McGarity, alikuwa na hoja za kimichezo za kutosha, na sioni haki kumchora kama mtu aliyeamka asubuhi na kumfukuza kocha bila sababu.

Lakini tazama alichopewa aliyefuata. Kirby Smart, mhitimu na mchezaji wa zamani wa Georgia aliyekuwa akiongoza ulinzi wa Saban, alitangazwa Desemba 2015. Alikuja akiujua mtambo wa Tuscaloosa kifaa kwa kifaa, na kwa kuwa vyuo vingine vingependa kumpata, alikuwa na nguvu ya kudai. Ujenzi wa uwanja wa ndani uliendelea, nao ukafunguliwa mapema 2017. Upande wa magharibi wa Sanford ulijengwa upya kwa zaidi ya dola milioni 60 na kukamilika 2018, ukiwa na ukumbi maalumu wa kuwapokea vijana wanaosajiliwa. Matumizi ya usajili yaliongezeka hadi katika mwaka wa fedha wa 2019 Georgia ikatumia zaidi ya dola milioni 3.5, kiasi kikubwa kuliko chuo kingine chochote cha umma. Hata bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 2016, muda mfupi baada ya kocha mpya kuzuru makao yake, iliyozipa idara za michezo za vyuo vya umma siku 90 za kujibu maombi ya nyaraka badala ya siku tatu. Sijawahi kuona mfano ulio wazi zaidi wa jamii nzima kumwambia kocha mmoja: sema unachotaka.

Na alipewa pia kitu ambacho hakiandikwi kwenye bajeti, nacho ni subira. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa ushindi nane na vipigo vitano, ukiwa na kipigo cha 17–16 nyumbani dhidi ya Vanderbilt na kingine cha 28–27, nyumbani vilevile, dhidi ya Georgia Tech. Ulikuwa msimu mbaya kuliko ule uliomwondoa Richt. Hakuna aliyezungumza kwa uzito kuhusu kumfukuza, kwa sababu uwekezaji ulikuwa ndiyo kwanza umeanza na kila aliyetoa fedha alijua kwamba mche hauzai mwaka uliopandwa. Maarifa hayohayo hayakutumika 2015, ingawa mche ulikuwa umepandwa mwaka uleule.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa aliyechumia juani hakukaa kivulini. Tarehe 1 Januari 2018, katika Rose Bowl, iliyokuwa nusu fainali ya taifa, Georgia iliifunga Oklahoma 54–48 baada ya muda wa ziada mara mbili. Tachidauni (bao kuu la mchezo huu) ya mwisho ilikuwa ya Sony Michel, aliyepokea mpira moja kwa moja na kukimbia yadi 27 upande wa kushoto bila kuguswa. Michel alisajiliwa na Richt. Nick Chubb, aliyekimbia yadi 145 usiku huo na goti lililopona, alisajiliwa na Richt. Roquan Smith, moyo wa ulinzi ule, alisajiliwa na Richt na Pruitt mapema 2015. Chubb na Michel walikuwa wameamua mwishoni mwa 2016 kubaki chuoni mwaka mmoja zaidi badala ya kwenda kwenye ligi ya kulipwa, na huo ndio mwaka uliomfikisha Smart kwenye fainali ya taifa, aliyopoteza kwa Alabama 26–23 katika muda wa ziada. Mataji ya taifa yalikuja baadaye, ya msimu wa 2021 na wa 2022, yakiwa ya Smart na wachezaji wake bila ubishi; lile la pili lilipatikana kwa kuifunga TCU, chuo cha Texas, 65–7. Kwa kocha huyu, fedha zilikutana na uwezo mkubwa wa kuzitumia. Simnyang'anyi sifa hata kidogo ninaposema kwamba alianza mbio hatua kadhaa mbele ya alipoanzia mtangulizi wake.

Kwamba fedha pekee hazitoshi, Texas A&M imelithibitisha kwa gharama ya kuogofya. Ilimpa kocha wake, Jimbo Fisher, kila alichotaka, na Novemba 2023 ilimwondoa kwa fidia ya kuvunja mkataba ya takriban dola milioni 76, bila taji hata moja la ligi. Upande wa pili yuko David Cutcliffe wa Duke, chuo ambacho fahari yake ni mpira wa kikapu. Alidumu tangu 2008 hadi 2021 akiwa na ushindi 77 na vipigo 97. Mwaka 2012 aliipeleka timu kwenye mchezo wa baada ya msimu kwa mara ya kwanza tangu 1994, na hilo peke yake lilimpa heshima ya miaka mingi. Rekodi ya Cutcliffe ingemfukuzisha kazi Athens ndani ya misimu mitatu. Rekodi ya Richt ingemjengea sanamu Durham, mji wa Duke. Utajiri wa chuo, kwa hiyo, hufanya kazi mbili zinazovutana: humwongezea kocha nafasi ya kushinda na humpunguzia muda wa kushinda. Aliye salama zaidi ni yule ambaye rasilimali zake na matarajio ya watu wake vinalingana. Aliye hatarini zaidi ni yule ambaye matarajio yamepanda wiki hii na rasilimali zitafika mwakani, na hapo ndipo Richt aliposimama mwaka 2015.

Kilichonifanya nirudi kwenye kisa hiki ni alichokifanya baada ya kuondoka. Ndani ya wiki chache aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Miami, alikosoma na kucheza kwotabeki ujanani. Miami nayo haikuwa na uwanja wa ndani, katika mji ambao mvua ya radi hunyesha karibu kila alasiri ya kiangazi. Richt na mkewe waliahidi dola milioni 1 kutoka kwenye fedha zao ili ujenzi uanze, na wafadhili wengine wakafuata. Mwaka 2017 aliiongoza timu kushinda michezo kumi na kuifikisha kwa mara ya kwanza kwenye fainali ya ligi yake, ACC. Jengo likafunguliwa 2018, likiwa na paa refu linalofunika uwanja mzima, na vijana wakafanya mazoezi chini yake mvua ikipiga mabati juu. Msimu huo timu ilimaliza na ushindi saba na vipigo sita. Tarehe 30 Desemba 2018, akiwa na umri wa miaka 58, Richt alitangaza kwamba anastaafu ukocha, na funguo za jengo zikapita kwa mwingine.